Picha Nilizozikuta Ndani ya Kamera

Kwako Mama Shabani,

Kabla ya neno jingine nataka kujua hali yako. Kifua cha mama mkwe kimetulia? Shabani bado anakohoa mkianika tumbaku? Mvua imeshuka huko, au mnaitazama tu ikipita upande wa Urambo? Mimi ni mzima, maana yake nakula, natembea na nafanya kazi. Usingizi ndio sina.

Barua hii isome peke yako. Usimpe kaka yako akusomee, hata kama mwandiko wangu unakusumbua. Nilitaka kupiga simu, lakini simu ya dukani kwake husikilizwa na kila aliyekuja kununua chumvi, na haya si maneno ya kusikiwa na watu.

Bado tupo kwenye ile nyumba ya Kiponda, hapa Mji Mkongwe. Ni nyumba ya ghorofa mbili, ya watu wenye asili ya Kiarabu, na kuta zake ni za mawe na chokaa. Tunabandua plasta iliyokufa na kupiga mpya. Saruji hatutumii. Fundi Makame, mkubwa wetu, mtu wa Makunduchi, anasema ukuta wa mawe ukiuvika saruji unakosa pumzi na unapasuka. Mimi nachanganya chokaa na kubeba. Chokaa imenila mikono, Mama Shabani. Ukinishika leo utadhani umeshika gome la mti. Asubuhi kifua kinakataa kufunguka mpaka ninywe maji ya moto.

Ndiyo maana nilinunua kamera. Najua nilikuambia pesa ile nimeiweka kwa ajili ya bati. Nilikuficha, na sasa nakuambia.

Kuna mtu wa bara mwenzetu anaitwa Costa, mpiga picha, ana kibanda karibu na Darajani. Huwa napumzika kwake. Aliniambia kazi ya picha haitaki kifua wala mgongo, inataka jicho na subira, na kwamba siku hizi hakuna tena gharama ya filamu, unapiga na unafuta. Akanishauri nisitafute mpya. Nitafute ya zamani iliyotumika, ile kubwa kidogo yenye tundu la kuchungulia, ambayo unaweza kupunguza na kuongeza mwanga kwa mkono wako. "Hiyo ndiyo itakayokufundisha," akasema. "Hizi mpya zinafanya kila kitu zenyewe, wewe unabaki mshika mzigo tu."

Nikaenda Mlandege, kwenye duka moja la vitu vilivyotumika kutoka Dubai. Muuzaji ni kijana anayechechemea mguu mmoja. Akanitolea kamera nyeusi, nzito, mkanda wake umechakaa, na maandishi yake ya ndani ni ya Kijapani, siwezi kusoma hata herufi moja.

"Ina kadi yake ndani, baba," akaniambia. "Bahati yako. Wengine huziuza kavu."

Sikuuliza ndani ya kadi mna nini. Ningejuaje kwamba hilo ni jambo la kuuliza?

Siku za mwanzo nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nivuke maji. Costa alinifundisha kubonyeza kitufe nusu, kungoja kioo kitulie, ndipo nikimalizie. Nilipiga picha ya karai. Nilipiga ukuta uliobanduliwa jua la saa nne likiugusa kwa ubavu, na kila jiwe likaonekana lina uso wake. Nilimpiga picha Fundi Makame, mikono tu, akiwa anapiga chokaa. Alitazama akacheka.

"Yakhe, karai lenyewe bado unalibeba kama mwana mchanga, leo ushakuwa mpiga picha? Haya, nipige na uso, nimpelekee mke wangu aone namna nnavyoteseka."

Siku moja wakati wa chakula nilikaa peke yangu chini ya ngazi nitazame picha zangu. Nikakosea upande wa kubonyeza. Badala ya kwenda mbele nikarudi nyuma, nikaipita ile ya kwanza niliyoipiga mimi, na kioo kikaleta picha ambayo siyo yangu.

Sasa nikueleze kitu cha huku ili unielewe. Harusi ya hapa, wanawake wako peke yao na wanaume peke yao. Kwa wanawake, wakishafunga mlango, mabuibui yanavuliwa, nywele zinafunguliwa, na bibi harusi anasingwa mwili kwa manukato akiwa na kanga moja. Picha hupigwa na mwanamke mwenzao, na zikishapigwa zinafungiwa kabatini. Mwanamume asiyekuwa wao hazioni, siku zote za uhai wake.

Hizo ndizo nilizokuwa nazo mkononi.

Nilitazama, sitakudanganya. Ya kwanza sikuelewa ni nini. Ya pili niliona wanawake wanacheka, nikadhani ni za huko Dubai, za watu nisiowajua. Nikasogeza tena. Katika iliyofuata, nyuma ya bibi harusi kuna dirisha lenye vioo vya rangi, kijani na nyekundu, na kioo kimoja cha pembeni kimevunjika na kuzibwa kwa bati. Mama Shabani, dirisha hilo nililifunika kwa magunia kwa mikono yangu ili vumbi lisiingie. Lipo juu ya ngazi niliyokuwa nimekaa chini yake. Ndipo nikamtazama bibi harusi usoni, nikamjua. Alikuwa Rukia, binti wa nyumba ile.

Nilizima. Nikaisukumia kamera ndani ya mfuko wangu.

Wenye nyumba hawakuhama tulipoanza kazi. Yupo Bi Asya, mjane, na mwanawe wa kiume, Bwana Nassor. Rukia ameolewa mtaa wa pili, na kila asubuhi huja kumtazama mama yake. Hupita kati ya ndoo zetu na kutuamkia vizuri, buibui limemfunika barabara. Fundi Makame alituwekea sharti tangu siku ya kwanza: hakuna kupanda ngazi bila kupiga hodi na kungoja uitikiwe, hata kama umebeba karai la chokaa kichwani na shingo inavunjika. Tumelishika sharti hilo. Na sasa mimi nina nyumba yote ya juu mfukoni.

Nilimkimbilia Costa. Sikumwonyesha, nilimwambia tu. Akasema, "Zifute." Nikamwambia anifutie zote kwa mara moja. Akasema kufuta zote kwa pamoja kupo ndani ya yale maandishi ya Kijapani, na akikosea anaweza kuiharibu kamera. Lililopo ni kufuta moja moja, na ili ufute moja ni lazima uilete kwenye kioo. Nilipokataa akasema, "Basi itoe kadi, ivunje, funga mdomo." Hilo nilikubali. Niliamua kulifanya siku ya pili baada ya kazi.

Sikuiwahi siku hiyo. Asubuhi tulisikia kilio juu. Shangazi yao alikuwa amefika kutoka Pemba, akaomba kuziona picha za harusi, na Bi Asya alipofungua kabati akakuta kamera haimo. Bwana Nassor alishuka mpaka uani. Ni kijana mrefu, mwenye sauti.

"Kamera ya dada yangu imeibiwa," akasema. "Nyumba hii haijaingia mgeni ila nyinyi. Kesho kila mmoja atamwaga mfuko wake hapa. Na nikimjua, polisi wataletewa mabaki."

Mfuko wangu ulikuwa umetundikwa msumarini, hatua chache kutoka begani kwake, na kamera imo.

Sijawahi kuogopa namna hiyo, hata siku ile nyoka alipoingia kwenye banda la kukaushia tumbaku. Nyoka unamwona. Nilijaribu kufikiria nitasema nini. Niseme nilinunua Mlandege? Nani ataamini kwamba katika mji mzima kamera iliyotoka nyumba ile imemwangukia kibarua wa nyumba ile ile? Watasema niliiba. Au watasema jambo baya zaidi, kwamba nilichungulia na kupiga mwenyewe, mtu wa bara, kupitia kwenye matundu ya ukuta. Niivunje kadi? Muuzaji ananijua sura. Nikimbie? Nikikimbia nimekiri.

Nikaona kumpa Bwana Nassor ni kumwambia mwanamume kwamba mwanamume mwingine amemwona dada yake. Hilo halina msamaha. Kitu kile kilikuwa cha wanawake na lazima kirudi kwa mwanamke. Adhuhuri, Bwana Nassor alipotoka, nilichukua mfuko nikasimama chini ya ngazi.

"Hodi."

"Nani?"

"Kibarua wa chokaa, Bi Asya. Shikamoo."

"Marahaba. Maji yapo huko huko chini, mwanangu."

"Sikufuata maji."

Akaja mpaka kwenye kichwa cha ngazi, ameshika ukingo wa mtandio. Nilipanda nusu, nikauweka mfuko kwenye kidato, nikarudi chini ili aweze kuuchukua. Alipofungua akaona ule mkanda, akakaa pale pale.

"Umeipata wapi?"

"Nimenunua Mlandege. Duka la vitu vya Dubai."

"Kwa nani?"

"Kijana mmoja anayechechemea."

Nilikuwa namtazama miguu tu, sikuthubutu zaidi.

"Yule kasoma na Nassor," akasema, na sauti haikuwa ya kuniambia mimi. Halafu akauliza, "Umeona?"

"Nimeona, Bi. Nilipolitambua dirisha nikazima."

"Mke unaye?"

"Ninaye. Yuko Tabora."

"Angekuwa yeye?"

Nilikufikiria wewe, Mama Shabani, mkononi mwa mtu nisiyemjua, anakusogeza mbele na nyuma kwa kidole. Nilitaka kulia.

Akaitoa kamera, akanitupia mfuko. "Nenda," akasema. "Huku hukuja."

Siku iliyofuata Bwana Nassor alitupanga uani kama alivyoahidi. Mifuko ikamwagwa. Kwangu kulikuwa na kanzu kuukuu, kipande cha muhogo, na betri za kamera ambazo nilizisahau. Unajua mimi nilivyo. Nilitoa nyoka nikaacha mayai. Akaziokota, akazipindua kiganjani.

"Betri za nini hizi? Redio huna. Tochi huna."

Fundi Makame alinitazama akajua kuna jambo, akatazama pembeni. Kisha ikaja sauti ya Bi Asya kutoka juu, nyuma ya pazia, haina haraka.

"Nassor, hizo zangu. Nlimtuma mimi."

"Umemtuma lini, mama?"

"Ulipokwenda Mlandege wewe."

Niliona shingo ya Bwana Nassor ikibadilika rangi. Akazirudisha zile betri mfukoni mwangu moja moja, taratibu, akinitazama machoni, na akatoka nje bila kumpekua mtu mwingine. Wenzangu walicheka wakidhani mama amemwaibisha kwa mchezo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejua ni nani aliyeipeleka kamera Mlandege, kitu ambacho hakuna mtu wa nyumba ile angependa nikijue.

Baada ya siku kadhaa Bi Asya aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, kama anavyokiteremsha kwa wauza samaki. Mlikuwa na kamera imefungwa kwenye kanga, haina kadi. "Ulinunua kwa jasho lako," akasema, akavuta kamba. Hiyo ndiyo haki aliyonifanyia, na sikuwa naitarajia.

Lakini hofu haikuisha, imehama tu. Bwana Nassor ananipita bila salamu. Juma lililopita ndoo ya chokaa ilianguka kutoka jukwaani ikapasukia karibu na miguu yangu. Huenda ni kamba iliyooza. Fundi Makame aliikagua kamba, akaitupa, hakuniambia alichokiona. Alisema tu, "Wewe kuanzia leo fanya kazi upande wa mlangoni." Kamera siwezi kuitoa mbele ya mtu yeyote katika mji huu. Kazi ikiisha mwezi ujao nitatafuta nyingine mbali, labda Matemwe, wanajenga hoteli. Usinililie. Niombee tu.

Yule jamaa wa Sikonge anayekuletea barua hii atakupa na kifurushi. Ni hiyo kamera. Nimetia betri na kadi mpya niliyopewa na Costa.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Costa ameniambia kamera nyingine zina tumbo lao wenyewe, zinaweka picha humo hata ukitoa kadi, na hajui kama hii ni mojawapo. Mimi siwezi kutazama tena. Nimeahidi moyoni sitaangalia. Wewe ni mwanamke. Kwanza toa kadi. Funga mlango, washa, bonyeza kitufe chenye mshale, nenda nyuma mpaka mwisho. Ukimkuta mtu yeyote humo, bonyeza kile kitufe chenye mchoro wa ndoo ndogo, mara mbili, mpaka apotee. Usimwonyeshe mama yako, usimwonyeshe dada yangu. Ukishamaliza, mwambie huyo jamaa aniambie neno moja tu: tayari. Yeye hataelewa.

Msalimie mama mkwe, mwambie dawa ya kifua naitafuta. Msalimie dada yangu mkubwa na mumewe fundi baiskeli. Kaka yako wa dukani mwambie nimeuliza habari za mguu wake. Shabani mwambie baba anamkumbuka, na akiuliza kilichomo kwenye kifurushi mwambie asikiguse mpaka mama akishatazama.

Ni mimi mumeo, ninayelingojea neno lako,

Baba Shabani
Unguja