Mwili wa Ukoo

Nambale, Jumanne usiku

Eti mwili wangu ni wa ukoo! Leo kwenye baraza la chifu tulijadili nani aamue kama viungo vya mtu aliyekufa vipewe wagonjwa. Nikasema mimi nimeshaamua, wachukue macho na chochote kinachofaa.

Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, akaruka juu. "Wewe uliolewa hapa. Sisi ndio tutakubali ama tutakataa. Na utazikwa mzima!" Watu wakampigia makofi.

Naogopa, kusema kweli. Nikishakufa nitabishana nao vipi?

Lakini mzima gani? Kabla sijaolewa nilimpa kaka yangu figo moja, na sikuomba ukoo wowote ruhusa. Sasa hivi figo hiyo iko Port Victoria, inavuta nyavu.