Moteur Iko mu Salon na Harusi Imefika

Mama Abigaëlle mupendwa, wewe mwenye unatushauri ku radio kila Ijumaa, unisaidie, nakupigia magoti, hii barua nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya motokari yangu yenye haina moteur, injini yake imetolewa, juu humu njo pahali moja mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu ya Dilala, penye mutu hawezi kuniuliza kitu, batu bakiniona humu banasema Tata eko anawaza mambo ya motokari, banapita. Usiseme jina yangu, tafazali.

Motokari yenyewe ni ya sport, ya Italie, nyekundu, ya milango mbili, ya mwaka 1969, marehemu baba aliachiwa na engenieri muzungu mwenye alirudia kwabo, na mu Dilala yote hakuna ingine, baba alikuwa anaiendesha siku ya Mungu kuenda misa na batu banatoka inje kuangalia, na wakati alikufa ikabakia kwangu, mi mutoto wake ya kwanza, karani ya masomo ya primaire, na tangu ile wakati, mpaka moteur ilitoka, kila siku ya Mungu naiosha, naipangusa, nawasha moteur, nakanyaga inapiga kelele jirani bote basikie, napiga honi mara mbili, kisha nazima. Sasa Mama, kama umesimama, kaa. Mi sijui kuendesha.

Sijui hata kidogo. Baba alijaribu kunifundisha mara moja, nilikuwa na miaka kumi na nane, nikaingia mu nyumba ya kuku ya jirani yetu Mama Jeanne, jogoo moja akafa, baba akasema tutaendelea siku ingine, na ile siku ingine haikufika. Kisha nikamupenda Fidélie, bibi yangu wa leo, na juu ya kumuonyesha ya kwamba mi ni mwanaume ya maana nikafika kwabo na ile motokari, lakini kwabo ni chini ya mulima, ndugu zangu batatu balinisukuma kule juu na mi nikashuka nikishika tu volant, ule usukani, moteur imezima, na ukuta ya kwabo njo ilinisimamisha. Baba yake akatoka, akauliza juu ya nini motokari haipigi kelele, nikamujibu motokari ya maana haipigi kelele. Fidélie aliangalia ile ukuta, akaniangalia mi, akacheka kidogo, na mi nikaona kumbe amenipenda. Tangu pale ni miaka makumi mbili na ine, Mama, nadanganya tu: leo mafuta ya essence imeisha, kesho mupira ya pneu imechoka, siku ingine barabara ya Fungurume itaharibu chini yake, na mi naenda kazi na taxi-moto, ile pikipiki ya kubeba batu.

Na haya yangu haiishii pale, juu bibi yangu njo anaendesha. Miaka sita imepita balimupa kazi ku mine, ku mgodi wenye banaita Mashamba, anaendesha ile camion ya kubeba mawe, ya tani mia moja, ya kupanda na ngazi, pneu yake moja inapita paa ya jikoni yetu. Mangaribi anarudi, anavua casque ya kichwa, anakula bukari yake na sombe, na mi, nasikia haya hata kuandika hii, mi njo namufundisha mambo ya kuendesha, namuambia embrayage, ile pedale ya kushoto, si kitu ya kukanyaga na hasira, inaomba muguu ya mutu mwenye amezoea, na yeye anasema "Kumbe, Tata Jémima," vile ananiita na jina ya mutoto wetu, anaendelea kula.

Mwaka jana moteur ikatoa moshi. Mekanisien wetu, fundi Mukalay, akaitoa siku moja, akasema wiki mbili inarudi, tukaiweka mu salon, juu bamwizi wa chuma basikuje kuiiba, tukaifunika na pagne ya Fidélie, kitenge yake ya le 8 mars, sikukuu ya banamuke. Na Mama, ile usiku mi nililala usingizi ya mutoto muchanga, juu motokari yenye haina moteur, hakuna mutu anaweza kukuomba uiendeshe! Wiki mbili ikaisha, Mukalay akakuja kuirudisha, mudomo yangu ikasema yenyewe, "Fundi, sababu moteur iko inje, si tubadilishe na embrayage?" Akasema ni akili, pale sasa mukono inafika muzuri. Akamaliza embrayage. Nikasema sababu moteur iko inje tubadilishe mipira ya maji, na pompe, na radiateur, tuweke ventilateur ya umeme, tubadilishe nyaya yote, bomba ya essence, na ile mipira yenye moteur inakalia, tupake na rangi pale ndani, na yeye akimaliza hii mi nimeshapata ile. Mwezi wa ine kuku ya Mama Jeanne akataga mayai kumi na moja pale pahali pa moteur, nikamuambia Mukalay hatuwezi kufukuza mama juu ya mayai yake, tungoje batoto batoke. Nikapata tena wiki tatu.

Mwezi wa sita familia ya muchumba ya mutoto wetu Jémima balikuja kuleta dot, mahari yake, salon yetu ni kidogo, bakakaa kuzunguka moteur, na mukubwa yabo, Tata Badibanga, akatula bilauri yake ya bière juu yake, kisha akauliza na heshima yote kama kile kitu chini ya pagne ni muzee mwenye eko mugonjwa, ao kiko mu liste ya dot.

Sasa sikia shida yenyewe. Harusi ni Jumamosi, wiki tatu toka leo, na Jémima ameniambia, "Papa, mi sitaki motokari ya kukodesha. Nataka unifikishe ku mulango ya kanisa na ile yetu nyekundu, wewe ku volant." Machozi ikamutoka, Mama, na ni mutoto mwenye halii ovyo. Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Juzi nikamuambia Mukalay sababu moteur iko inje tungarishe vis zote, zile skurubu. Ule baba akakaa chini mu vumbi. Akasema, "Tata, mu hii motokari kitu ya zamani yenye imebakia ni wewe tu. Jumatatu narudisha moteur, ukubali ukatae." Akasema amebakisha kazi moja, yenye mama mwenyewe alimuagiza wiki hii: sababu moteur iko inje, aongeze frein ya pili, pedale ya kusimamisha motokari, upande wa kuume, pale abiria anaweka miguu. Fidélie alimuambia ni ya kupumuzisha muguu, juu ku mine anakanyaga frein siku muzima, akikosa yake anasikia vibaya. Mi nikaona ni mambo ya banamuke benye kuendesha mashini, nikaachia.

Mama, nifanye nini? Mi nimewaza bitu bitatu: niseme muguu imevunjika, ao nimuombe Mukalay apoteze kitu kidogo ya moteur, ao bandugu banisukume tena, juu toka kwetu mpaka ku paroisse, pale kanisa iko, inashuka kidogo. Fidélie akijua namudanganya tangu siku ya kwanza, ataniangalia na macho gani? Na Jémima je? Usingizi imenikimbia.

Mwenye haya, Dilala.

*

Mama Abigaëlle anajibu:

Tata mwenye haya, umeomba nisiseme jina yako, sijaisema. Lakini umeandika jina ya bibi, ya mutoto, ya mekanisien, ya jirani mwenye kuku, na rangi ya motokari yenye wewe mwenyewe unasema mu Dilala yote hakuna ingine. Sasa mi nifiche nini? Mama Fidélie, kama unatusikiliza, funga radio kidogo. Aa, acha, ongeza sauti.

Kwanza pole. Pole ya kweli, baba, juu kuamuka kila asubui miaka makumi mbili na ine na kutafuta uongo wa leo, inachokesha. Na kukosa kujua kuendesha si zambi. Mi mwenyewe sijui, kila siku ananipeleka Papy na taxi-moto yake, na mbele ya Mungu niko sawa. Pole imeishia pale.

Sasa nikugombeze. Wewe, baba muzima, karani, ulijificha nyuma ya kuku! Uko unafundisha embrayage mutu mwenye anashusha tani mia moja mu shimo, mu mvua, mu matope, na wewe toka nyumbani mpaka kazi unabebwa! Na ule masikini Mukalay, mwaka muzima unamukamatisha vis moja kisha ingine, yeye anazani anatengeneza motokari, kumbe anakujengea pahali pa kukimbilia. Haya tena, nasema haya!

Na ile mawazo yako tatu, nimecheka mpaka tekinisien wa hapa ku radio akakuja kuangalia. Uvunjike muguu? Bibi yako atakupeleka ku hospitali, na unajua nani ataendesha. Mukalay apoteze kitu? Kitu yenye ule fundi amebakisha kupoteza ni akili. Kusukuma? Bandugu batatu benye tumbo na miaka hamsini, banasukuma bibi-arusi mbele ya chorale, banahema, na Tata Badibanga anaangalia! Ule baba bado hajapona ile salon yenu.

Lakini kuna kitu umeandika na wewe mwenyewe haukuisoma. Rudia pale pa frein ya pili. Mi nilisoma mara mbili, chai yangu ikapoa. Nikuulize, Tata: toka Kolwezi mpaka Fungurume, motokari gani iko na frein upande wa abiria? Waza, sikukimbizi. Ni ya auto-école, masomo ya kufundisha batu kuendesha, baba yangu. Ile pedale ni ya mwalimu, mwenye kukaa pembeni ya mutu mwenye hajui.

Bibi yako anajua. Tangu lini, mi sijui, lakini ningekuwa wewe ningeanza kuwaza ile ukuta. Miaka yote hii anasikia essence imeisha, anasikia muguu ya mutu mwenye amezoea, anameza bukari yake, anasema "kumbe". Hakukucheka mbele ya batoto, hakukupeleka mu midomo ya familia. Na wakati Jémima alikuomba na machozi, yeye hakukuuliza neno, alikwenda kwa Mukalay, akatafutia muguu yake pahali karibu na yako. Na wewe unalala macho wazi unaogopa atakuangalia namna gani! Atakuangalia vile alikuangalia pale ku ukuta, na mwisho si alikubali umuoe?

Basi sikia sasa. Leo mangaribi, akimaliza kula, nasema akimaliza, umuambie: "Mama Jémima, mi sijui kuendesha, nifundishe." Ni maneno sita. Usiongeze hadisi ya barabara, na embrayage usiitaje kabisa. Jumatatu Mukalay anarudisha moteur, na wewe utakuwa pale kumupa maji na kumuomba musamaha, na kama mudomo yako inaanza kusema "sababu moteur iko inje", uifunge na ile pagne. Kisha uifue wewe mwenyewe, uirudishe kwa mwenyewe, juu ile ni pagne ya sikukuu, si ya kufunika mafuta.

Siku ya Mungu, kisha misa, muende nyinyi mbili ku uwanja ya mupira, wewe ku volant, mwalimu upande wa kuume, na Mama Jeanne afungie kuku zake mbele mutoke. Ku auto-école vilevile ujiandikishe, ukae na bijana bijifunze kukuita papa mu darasa. Mpaka upate permis, ruhusa ya kuendesha, barabara si yako. Umenisikia? Si yako.

Na siku ya harusi itakuwa hivi. Ku barabara ataendesha Mama Fidélie, Jémima nyuma na robe yake yote ya harusi, na wewe pembeni, miguu mbali na ile pedale. Mukifika ku portail, lile geti ya paroisse, musimame, mubadilishane biti, yeye akuje kuume, wewe ukamate volant. Pale ndani ya paroisse hakuna camion, hakuna rond-point ya kuzunguka, chorale banatembea mbele yako banaimba, na mulango ya kanisa unaiona. Mutoto aliomba umufikishe ku mulango, hakukuomba umutoe Fungurume. Tia vitesse ya kwanza, ile gia ya kutokea, ya pili haikuhusu. Achia embrayage polepole vile bibi yako atakuwa amekuonyesha, angalia mbele, shika volant na mikono yote. Ya frein usiogope, Tata. Iko na mwenyewe.