Mpishi Asiye na Jina

Mpendwa Shangazi Prudence wa safu ya ushauri gazetini, naomba msaada maana nimeharibu, mimi ni mhadhiri hapa Chuo Kikuu cha Durham, miaka ishirini nawafundisha wanafunzi kuvichambua vitabu vya watoto vya kwetu Uingereza, vile vya milango ya siri na wanyama wanaosema, mbona wazazi hufa ukurasa wa tatu, mbona mwovu daima ni mgeni, sasa mwezi jana nikatoa sanduku la vitabu kwa mnada wa mitumba wa kanisa bila kulikagua, kumbe ndani imo nakala yangu ya kufundishia, hadithi ya watoto wa jumba la kitajiri wanaogundua mlango wa siri ukutani, pembeni imejaa maneno yangu ya penseli, na aliyeinunua ni Nell, binti wa miaka tisa wa jirani yangu Doreen, mpishi wa shule ya bweni, mtoto akasoma kwa furaha hadi sura ya nne, pale nilipoandika, "Mpishi hana jina. Mlango huu ni wa watoto wenye wapishi," akakifunga kitabu, akamwambia mama yake, "Kumbe hata nikiuona mlango, si wetu," na tangu siku hiyo hagusi hadithi yoyote, naye Doreen kaniambia kwenye wigo wa bustani, "Hester, mwanangu alikuwa anagonga kila ukuta wa nyumba hii akitafuta mlango. Sasa ameacha. Umefurahi?" Shangazi, nilichoandika ni kweli, niombe radhi kwa kusema kweli?

Hester Garside

Hester mpenzi, pole, ila nimecheka hadi chai ikamwagikia skonzi. Miaka ishirini unaandika, wasomaji wako wahadhiri wenzako wanne, mmoja kasinzia. Leo umepata msomaji makini, unakimbilia kwangu!

Kweli ni kweli, usiifute. Mpishi hana jina, na ni aibu. Lakini umeishia njiani, mama. Umemwonyesha mtoto kwamba mlango umefungwa, ukaenda zako. Na usinidanganye: mtu hajazi penseli pembeni mwa kitabu asichokipenda. Hilo ulimficha Nell.

Jumamosi nenda kwa jirani. Usibebe mhadhara, beba penseli mbili. Mwombe Doreen radhi kwanza, hapo hapo mlangoni, hata mvua ikinyesha, nayo itanyesha. Kisha kaeni jikoni, mfungue sura ya nne, umwulize Nell: mpishi huyu anaitwa nani, naye anatafuta nini? Halafu nyamaza. Najua kwa mhadhiri ni adhabu. Akiandika, usimsahihishe.

Na mpishi akiitwa Doreen, akatangulia kuingia mlangoni, mwiko mkononi, usichambue. Lieni nyote watatu, kisha mgeuze ukurasa.