Programu Nne kwenye Kompyuta ya Baba Mkwe

Dada Shallon mpendwa, nisaidie haraka kabla ya Jumamosi! Naitwa Cyusa, niko Gisimenti, kompyuta nilijifundisha mwenyewe kwa simu, na Jumamosi naenda Rebero kumposa Phiona wangu, jamani Phiona, sasa baba yake mzee Gakwaya aliniuliza, "Kijana, hii mashine yangu iko salama?" basi kwa furaha nikaweka programu ya kukamata wapelelezi, zile programu za siri zinazoiba habari za mtu, nikaona moja ni aibu, mkwe hapewi kitu kimoja, nikaweka nne, sasa hii inasema ile ni mpelelezi, ile inaifungia hii, madirisha mekundu yanaruka kama bisi, ukibonyeza kitu unakunywa chai unarudi bado mashine inawaza, lakini ajabu, mzee amefurahi! Anaita majirani, "Njooni muone, kijana wa Phiona anakamata wapelelezi!" na wapelelezi wenyewe, Dada, ni programu zangu, na mzee ameamua kwamba shangazi mkubwa wa Phiona, mwenye neno la mwisho, atatuona Jumamosi kwa video kutoka Bukoba kupitia mashine hiyo hiyo, Phiona anacheka tu, "Sha, umejiroga mwenyewe," niseme ukweli nionekane bure ama ninyamaze niombe Mungu?

Cyusa weee! Nimecheka mpaka mwenzangu ofisini akauliza kama nimeposwa mimi. Hongera! Ila kutulia hujui. Nani alikwambia ulinzi unapimwa kwa wingi? Kila programu inataka kukagua kila faili, na ndani ya mwenzake inakuta alama za wapelelezi wale wale inaowatafuta, basi inapiga kelele. Zinachunguzana zenyewe, nguvu yote ya mashine inaishia hapo.

Nenda Rebero leo, usingoje Ijumaa. Acha moja ilinde muda wote. Ya pili ukiipenda ibaki, lakini zima ulinzi wake, uiamshe siku ya kukagua tu. Mbili zilizobaki ondoa, moja kwanza, uwashe mashine upya, ndipo nyingine. Na usifute mafolda kwa mkono, nakujua wewe! Pita pale pa kuondolea programu. Halafu piga video Bukoba ujaribu.

Mzee akae pembeni yako akiona. Mwambie, "Baba, nilizidisha, nilitaka kukufurahisha." Atanuna kidogo, atacheka. Ukinyamaza, shangazi ataganda kwenye kioo mdomo wazi katikati ya "tumekubali", na ukumbi mzima utakuangalia wewe. Hilo neno alimalize, kaka, na Phiona alisikie.