Dozi Tuliyogawana

Advera uko wapi, shika simu.

Nimetoka kwa daktari sasa hivi. Nimejifungia chooni hapa hapa hospitali.

Mirija ya uzazi imeziba. Yote miwili! Dawa waliyoniingizia ili wapige picha haikupita popote.

Akaniuliza, "Mama, uliwahi kuugua ugonjwa wa zinaa?" Nikasema hapana. Akanitazama. Akauliza tena taratibu, "Hata zamani sana? Hata ukatibiwa nusu?"

Nusu. Kasema nusu, Advera!

Nikakiona kile chumba chetu cha Sikonge, mwaka ule tunafunga tumbaku. Sote wawili na yale maumivu chini ya kitovu. Mimi nikagoma kwenda zahanati kwa sababu nesi alikuwa shangazi yangu Magreth. Ukaenda wewe, ukapewa vidonge kumi na vinne, ukanihesabia saba kwenye kiganja. Siku ya tatu maumivu yakaisha, tukacheka.

Daktari anasema maumivu ndiyo yaliisha, ugonjwa ukabaki ndani kimya kimya.

Dionis wangu yuko nje kwenye benchi, amenishikia mkoba. Miaka minne anakunywa mizizi ya mama yake akidhani tatizo ni yeye. Nitoke nimwambie nini?

Na wewe jana umeniandikia kwamba mwezi huu tena umeziona siku zako. Nikakujibu usijali, utapata tu.

Nenda kapime. Usingoje. Vile vidonge tuligawana sawa kwa sawa.