Stima ya Friji ya Papa

Ndalu,
28 Machi 2006

Kwa Mayi Sellah, binti yangu,

Nakusalimu huko Bungoma, wewe na Wakoli na mtoto. Natumaini kikohozi cha Joy kimeisha. Mimi niko. Mvua imeanza, na upande wa chini nimeshapanda mahindi.

Simu nimeizima, usishtuke. Watu wanapiga kutwa kusema pole. Tuandikiane. Kiplagat wa lori la maziwa amekubali kubeba barua.

Nyumba yetu ya mtaa wa Tuwan, pale Kitale, niliifunga siku tuliyompeleka mama yako hospitali. Tangu tumzike kule nyumbani Matulo sijaifungua. Nalala hapa shambani kwa pikapu. Nyuma nimefunga turubai, godoro liko, jiko la mafuta liko. Shida ni insulini. Hapa hakuna stima, na mchana gari linachemka ndani. Nimepata friji ndogo ya gari kwa mzungu wa misheni aliyekuwa anahama. Wewe unauza betri, niambie niiunganishe na nini. Naona niichomeke tu pale pa kuwashia sigara.

Ni mimi Papa yako,
Mukhwana


Bungoma,
1 Aprili 2006

Papa mpendwa,

Mulembe. Sukari yako iko aje? Unakula? Joy amepona, anauliza babu yuko wapi.

Si ungekuja ukae na sisi? Wakoli mwenyewe amesema. Ukikataa, basi tuongee betri.

Usichomeke pale pa sigara. Betri ya gari kazi yake ni kuamsha injini. Friji ikiinyonya usiku kucha, asubuhi gari halitawaka. Weka betri ya pili, ile ya sola, inayovumilia kunyonywa polepole. Injini ikizunguka inazichaji zote mbili. Ukizima, swichi inazitenganisha, friji inakula ya pili peke yake. Lakini wewe husafiri, umeegesha tu, kwa hivyo hata ya pili itaisha kama huna paneli juu ya paa. Na jua la Aprili wewe unalijua. Friji ya gesi usiniulize. Huwezi kulala chini ya turubai na moto unawaka.

Kwanza isikilize hiyo friji. Inanguruma halafu inanyamaza? Basi ina kompresa, haili sana. Kama ni feni inavuma bila kupumzika, hiyo itamaliza betri yoyote utakayoipa, na yenyewe inapoza kidogo tu.

Papa, unalia? Sikuoni ukilia.

Mwanao,
Sellah


Ndalu,
6 Aprili 2006

Mayi,

Salamu kwa wote. Mwili hauniumi.

Ni feni. Haipumziki. Nimeichomeka pale pa sigara na inapoza. Asubuhi nawasha gari kidogo kurudisha moto kwa betri.

Mahindi yanatoka. Nyaguthii, yule mama wa shamba la juu, aliniletea githeri na nikala. Kulia, hapana. Nakaa kwa gari nasikiliza ile feni. Inanitosha. Kwenu siji bado, usimwambie Wakoli vibaya.

Papa yako


Bungoma,
9 Aprili 2006

Papa,

Mulembe. Sisi wazima.

Kuwasha kidogo asubuhi hakutoshi, bana. Nimempa Kiplagat betri ya sola, paneli, swichi na waya niliokata mwenyewe. Nyekundu kwa nyekundu. Ukishindwa, muite fundi yeyote pale sokoni Ndalu. Friji ya kompresa natafuta. Kwa sasa weka chupa za dawa zimefungwa vizuri ndani ya chungu, ukitie chungu kwa karai la mchanga wenye maji, kivulini. Kitashinda hiyo feni.

Mimi pia silii. Nauza betri, narudi nyumbani, napika. Wakoli ananiangalia tu.

Mwanao,
Sellah


Bungoma,
24 Aprili 2006

Papa,

Hujambo? Hujajibu. Kiplagat anasema vitu alikukabidhi na ukamwambia asante. Ati tangu hapo pikapu haijasogea, na turubai limefungwa hata mchana. Nisipopata neno, Jumapili nakuja.

Sellah


Kitale,
4 Mei 2006

Mayi,

Natumaini ulifika salama. Mimi nakula uji na daktari ameridhika na sukari.

Ulipokuja hapa wodini uliniuliza nini kilitokea, nikageukia ukuta. Kwa barua naweza.

Betri uliyotuma sikuifunga. Ilikaa kwa katoni yake, nikawa naweka kikombe juu. Feni ikamaliza betri ya gari, friji ikanyamaza. Dawa ikashika joto. Niliona vipande vyeupe vinaelea kwa chupa, nikajua imeharibika. Nikaendelea kujidunga hiyo hiyo. Nilikuwa nakunywa maji, kiu haiishi.

Nyaguthii alikuja kuuliza kama nitapalilia. Akanikuta natapika. Akaingia kuwasha pikapu anipeleke, ikafanya tik, basi. Akakimbia kuita trekta ya jirani, Waithaka. Nilibebwa kwa trela juu ya magunia ya mbolea. Nikamwambia, "Mama, niache nilale."

Akasema, "Mukhwana, mimi nimezika mzee wangu na bado napanda. Hakuna kulala."

Hukuuliza hivi, lakini najua ndilo ulilotaka kujua. Sikutaka kufa, Mayi. Sikuwa nataka kitu chochote. Daktari anasema mwili haujui tofauti ya hayo mawili.

Papa yako


Bungoma,
8 Mei 2006

Papa,

Mulembe. Umeruhusiwa? Miguu inakubeba?

Barua yako niliisomea nyuma ya duka. Mteja aliita mpaka akaenda zake.

Mambo ya betri tumemaliza. Duka hili lote halina mtambo wa kukufanya ufunge waya. Sasa chagua wewe: Bungoma kwetu, au Tuwan. Ukitaka kulala kwa gari, lala, lakini uliegeshe uani, upitishe waya kwa dirisha la jikoni. Hiyo friji yako haichukui stima ya ukutani hivi hivi, kwa hivyo nimekutumia adapta. Stima ya nyumba haijakatwa. Nimekuwa nikiilipia na sikukuambia. Sikutaka ile nyumba izimike.

Mama nimeshazika. Wewe, tafadhali.

Mwanao,
Sellah


Tuwan,
14 Mei 2006

Mayi wangu,

Nakusalimu, na Wakoli, na Joy. Nimetoka hospitali. Miguu iko sawa.

Kiplagat alinisaidia kuwasha pikapu, nikaileta nyumbani. Niliingia jikoni mchana kutafuta mahali pa kuchomeka adapta yako. Friji yetu ilikuwa inanguruma. Miezi hii yote imekuwa ikinguruma ndani ya nyumba tupu.

Nikaifungua. Kuna sufuria ya kunde alizopika mama yako kabla tuondoke, zimeota ukungu. Kuna jagi la maziwa mala. Kuna nusu ya kitunguu amekifunga kwa karatasi. Nilisimama mlango ukiwa wazi, na unajua vile mama yako alikuwa ananigombeza: "Mzee, funga, baridi inatoka!" Nikafunga. Nikafungua tena, nikaweka dawa mlangoni, kando ya mayai.

Adapta sijaitumia. Gari liko uani na bado nalala humo. Sufuria sijaigusa, peke yangu siwezi.

Njoo Jumamosi. Beba leso ya kujifunga, tuioshe hiyo friji.

Papa yako