Alie tena

Mwenzangu, nimerudi melini sasa hivi na hasira hazijaniisha.

Leo tumeshusha wageni kwenye kijiji kimoja kando ya ziwa, tukakuta msiba. Mvuvi amezama, ndiyo wanatoka kumzika. Nikamwambia bosi turudi melini. Akanijibu, "Wageni wamekuja kuona maisha halisi." Maisha halisi!

Sasa yule wa kamera kubwa, yule niliyekwambia anafokea wahudumu, si akamsogelea mjane mpaka nusura amkanyage. Akanigeukia mimi mkalimani wake: "Mwombe alie tena, mara ya kwanza sikuwahi."

Alie TENA. Haki ya Mungu, alisema alie tena!

Ningemtafsiria nini yule mama? Nikamwambia, "Mama, huyu mgeni anakupa pole sana. Ameguswa na msiba wako."

Mama wa watu akamshika mgeni mkono kwa shukrani, akaangua kilio upya.

Na lile lishenzi, kwa mkono wa pili, likapiga picha. Kisha likaniinulia dole gumba: "Asante, umemwambia vizuri."